Kumkumbuka Mjalidi Aliyekataa Kuandika Majina

Mdogo wangu, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipowasha taa ya karakana, ukaketi kwenye kiti chako, na usinyanyuke tena. Aproni yako bado imetundikwa nyuma ya mlango, gundi imekaukia mfukoni. Hakuna aliyethubutu kuifua.

Mtaani walikuita Fundi Gundi. Ulijalidi vitabu vya sala, madaftari ya zahanati, na zaidi ya yote tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu kilicho ng'ambo ya barabara. Ulishona kurasa kwa uzi uliopakwa nta, ukazigonga mgongoni kwa nyundo ndogo kama mtu anayembembeleza mtoto, ukazitia kwenye kibanio, kisha ukamwambia mwenyewe, "Nenda kale, urudi." Akisema ana haraka, ulimjibu, "Haraka ilikuwa yako mwaka mzima. Leo ni zamu ya gundi."

Walikuwepo na waliokuja bila kitabu. Hao uliwapa kigoda karibu na kibanio na rundo la karatasi za kukunja, nawe ukaendelea na kazi yako. Walikaa, wakakunja, wakaondoka macho mekundu lakini shingo imenyooka. Sikukuuliza ni akina nani. Nilijua.

Kwa miaka arobaini na moja familia imesema uliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya ugonjwa. Baba ndiye aliyeanza. "Funika kombe mwanaharamu apite," alisema, na mwanaharamu huyo amepita na kurudi mpaka tumemzoea. Mwezi uliopita, tulipokaa kuandika kumbukumbu hii, kitinda mimba wetu alitaka tuandike ugonjwa tena.

"Dada, mimi nina duka la vipuri," aliniambia. "Unataka watu waje kununua breki huku wananicheka?"

"Mwenye gari lisilo na breki hacheki," nikamwambia.

Naye hakucheka. "Sikiliza, Dada. Ukiyaandika yale, na ukimtaja yule mtu, jina langu litoe. Sikai naye kwenye karatasi moja."

Neno hilo nimelibeba wiki nne. Yeye ni ndugu yangu na wewe ni ndugu yangu. Lakini wewe ndiye niliyekukosea, kwa hiyo naanza na wewe.

Ulikuwa wa kwanza kwetu kuingia chuo kikuu. Barua zako nilizitunza kwenye kopo la biskuti, na kila mgeni nilimsomea, atake asitake. Siku moja akaja bwana mmoja, faili kwapani, viatu vimeng'aa. Akasema ametumwa na chuo kuulizia habari zako. Nikadhani unapewa tuzo. Nikamchemshia chai. Nikamsomea zote kwa sauti, hata ile uliyoandika kwamba Mrefu akisafiri chakula hakikupiti kooni.

"Huyu Mrefu ni nani?" akauliza.

"Wanalala chumba kimoja," nikasema. "Wanapendana hao kama chanda na pete."

Akatabasamu, akaandika. Akaomba aende na kopo. Nikampa, na kamba ya kulifungia nikampa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Siku tisa baadaye tukaitwa, baba na mimi. Unakumbuka baba alikuwa mtunza bustani wa chuo hicho hicho, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya chuo. Tuliketi kwenye benchi la varanda, nje ya chumba cha kamati ya nidhamu. Mwaka ule walikuwa wanawasaka wavulana waliowapenda wavulana wenzao. Waliwaita mmoja mmoja, na aliyetoka aliacha majina ya wengine ndani. Mlango haukufungwa sawasawa. Baba alishika kofia mapajani, akiizungusha, akiizungusha.

Nikasikia sauti ya mwenyekiti. "Wewe unasoma vizuri. Mtihani uko karibu. Karatasi hiyo, kalamu hiyo. Andika wenzako, ukaendelee na masomo yako."

Nikasikia kopo langu likisukumwa juu ya meza. Mlio wake naujua.

"Kalamu ninayo, mzee," ukasema. "Majina sina."

"Na nyumbani alijua nani? Dada yako alizisoma barua hizi, neno kwa neno."

Kofia ikasimama mikononi mwa baba. Mzazi aliyejua akanyamaza alihesabiwa kuwa ameficha, na mfanyakazi aliyeficha alikabidhi jembe na ufunguo wa nyumba siku hiyo hiyo.

"Dada yangu hajui kusoma," ukasema. "Anabahatisha tu. Akikwama, anatunga. Kwetu hakuna anayejua lolote."

Mimi, mwenye darasa la saba, wa tatu kati ya wasichana, nikakasirika pale pale kwenye benchi. Ndiyo akili niliyokuwa nayo. Jioni, nilipoona baba anafungua mlango kwa ufunguo ule ule na kitinda mimba anakimbia kumpokea jembe, ndipo nikaelewa ulichotufanyia.

Jina lako walilibandika ubaoni kesho yake, watu wote wasome. La Mrefu likafuata Jumatatu. Lile ambalo wewe ulikataa kuliandika, mimi nilikuwa nimeshalitoa na chai juu.

Hukunisuta hata mara moja. Miaka ikapita, nami siku moja nikajikaza, nikaanza: "Mdogo wangu, lile kopo..." Ulikuwa umeshika mgongo wa kitabu kwa mikono miwili. "Dada, shika hapa," ukasema, "gundi inakauka." Nikashika. Tukasimama hivyo, vidole vyangu juu ya vyako, mpaka kitabu kikashikana. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa jibu. Basi naomba radhi hapa, mbele ya wasomaji hawa, kwa kuwa ubao ule nao ulikuwa mbele ya watu. Ugonjwa hukuwa nao. Ulimpenda mtu, na walikufukuza kwa hilo.

Na mtu huyo tumtaje. Mrefu alirudi baada ya miaka minane, akahamia chumba cha nyuma ya karakana. Miaka thelathini na miwili yeye alikata kadibodi, wewe ukashona. Mlinuniana kwa ajili ya redio tu: yeye anataka taarifa ya habari, wewe unataka mpira. Sisi tulimwita mpangaji. Siku ya mazishi alisimama langoni pamoja na wateja, na alipokuja kubeba jeneza akaambiwa na kitinda mimba kwamba nafasi zimejaa. Hazikuwa zimejaa. Niliona upande wa kushoto uko wazi, nikanyamaza. Hilo nalo liwe kwenye deni langu.

Jana mjukuu wangu, anayesoma chuo hicho hicho na ndiye aliyepiga chapa maneno haya, alimsomea kitinda mimba kwa simu kuanzia mwanzo mpaka hapa. Alipomaliza, tukadhani simu imekatika.

"Babu, upo?" mjukuu akauliza.

"Nipo." Akakohoa. "Nilikuwa na miaka sita. Ile nyumba ndiyo niliyokulia mimi." Akakohoa tena. "Hakuna aliyeniambia. Haya, mwambie Dada aniweke. Lakini aniweke mbali na yule mtu."

Wanaokukumbuka kwa upendo ni hawa:

Mwenzako, Mrefu.
Dada yako, niliyeandika haya.
Wapwa zako watatu, uliowafundisha kukunja karatasi kabla hawajajua kufunga viatu.
Mjukuu wako, mpiga chapa.
Mdogo wako, kitinda mimba wetu.

Tumemweka mwisho kama alivyotaka. Familia yetu ni ndogo, mdogo wangu, na umbali tuliompatia ni mistari mitatu tu.

Siku zote tutakutaja.