Sinema za Siku Hizi Hafi Mtu

Kiponda, Unguja
4 Februari 1968

Mwanangu Mwanapili,

Salamu nyingi zikufikie huko Mkokotoni. Mimi mzima, magoti tu yanalalamika, na hayo tuyaache, hayana jipya. Wewe je? Kile kikohozi kimekwisha? Usinywe dawa za kila mpita njia. Chemsha tangawizi, unywe, ulale.

Leo Jumapili nimetoka onyesho la wanawake na hasira hazijanishuka. Mwanapili, hawa watengeneza filamu wa Bombay wamekuwa waoga. Tumekwenda kuangalia ile ya daktari na ndugu yake mlevi. Ndugu kaanguka kutoka ghorofani, muziki unalia, ukumbi mzima unalia, na mimi leso nshaitoa. Namuuliza jirani yangu Mwanakhamis, "Haya, kafa?" Ananijibu huku anatafuna njugu, "Kapona, kaamka, wanakumbatiana." Kapona! Kutoka ghorofa ya tatu! Na wale wajinga waliotuzunguka wakaendelea kulia mpaka taa zikawashwa. Wanalia nini na mtu kapona?

Tangu mwaka juzi sijaona mtu kufa sinema. Zamani shujaa akifa amekufa, unarudi nyumbani macho mekundu na roho imeridhika. Siku hizi hafi mtu. Wanatuona watoto wadogo.

Moja tu nakusifia: filamu ya mke wa hakimu. Mwisho wake upuuzi kama zote, mume anamfuata stesheni, anamrudisha nyumbani. Lakini ile sari ya harusi! Nyekundu, nyekundu ya komamanga lililopasuka, na pindo la dhahabu. Ikirudishwa, usiikose.

Shangazi yako,
Kazija


Mkokotoni
20 Februari 1968

Kwa mpenzi shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, na kikohozi kimekwisha kwa tangawizi yako. Natumai magoti nayo yametulia. Wanafunzi wangu wanakusalimu bila kukujua, maana nawahadithia filamu zako badala ya kuwapigia kelele.

Huku kwetu sinema yetu ni lile gari la serikali. Linakuja baada ya magharibi, wanatundika shuka jeupe ukutani, tunakaa chini. Mara hii walileta filamu ya mbu, na nyingine ya mama aliyechelewa kumpeleka mtoto kwa daktari. Usicheke. Kuna mtu anasimama na kipaza sauti, anaeleza kila kinachopita, maana filamu yenyewe inasema Kiingereza. Mtoto alipofumba macho, wanawake walipiga kelele, "Amelala! Sema amelala!" Yule bwana akasema, "Hakulala. Amekufa, na nyie mnamuona." Watu walimkasirikia sana. Mimi sikumkasirikia.

Shangazi, nakwambia moja kwa moja kwa sababu wewe ndiye uliyenilea. Yule bwana wa kipaza sauti anaitwa Simai Jecha, mtu wa Tumbatu. Anataka kuniposa na mimi nakubali. Baba mdogo Matar amesema yeye ndiye atakayeniozesha, lakini hafungui mdomo mpaka wewe dada yake useme. Mambo yote yamesimama kwako. Naomba jibu lako, na naomba liwe zuri.

Mwanao,
Mwanapili


Kiponda
27 Februari 1968

Mwanapili,

Marahaba. Mimi mzima. Ulipoandika "usicheke" nilicheka mpaka Mwanakhamis akaniletea maji.

Nimekusomesha, nimekupeleka sinema tangu hujajua kufunga kanga, umeona waungwana wa kila namna wakiimba chini ya mvua, halafu umekwenda kumchagua mtu wa filamu ya mbu! Na kazi yake ni kupiga domo. Picha inapita, watu wanaiona, yeye anawaambia, "Huyu ni mbu." Kwani watu wa Mkokotoni hawana macho? Mtu anayesimulia kitu kilicho mbele ya watu ni sawa na anayekutafunia chakula. Mimi sijapata kusikia kazi ya kipuuzi kama hiyo, na nimeishi miaka sitini.

Na adabu pia hana. Mama zake wanamwomba aseme mtoto amelala, anawabishia kwenye kipaza sauti! Kesho na keshokutwa wewe utaugua, naye atasimama mlangoni awatangazie majirani.

Matar asifungue mdomo. Afunge kabisa.

Wiki hii wameleta filamu ya ndugu wawili na kinanda kimoja. Usiende. Wanapatana.

Shangazi yako,
Kazija


Mkokotoni
12 Machi 1968

Kwa shangazi,

Shikamoo, na Idi njema. Natumai mmeila kwa afya. Sisi wazima.

Nimeisoma barua yako mara nne, nikitafuta pahala ulipocheka kwa wema. Sikupaona. Basi na mimi nitasema. Unamdharau mtu hujamsikia hata neno moja. Simai hapayuki. Anasema kinachoonekana, hazidishi wala hapunguzi, na mimi mwanao nimechoka na watu wanaoniambia ninachopenda kusikia. Nilimuuliza kama nguo yangu ya Idi imenipendeza, akasema mikono mirefu. Ilikuwa mirefu, Shangazi. Nimeikata.

Naye aliwahi kuiona filamu yako ya mke wa hakimu, Dar es Salaam. Nilimwambia umeisifia, akasema ni nzuri lakini inahuzunisha. Nikamwambia mwisho wake ni wa furaha, akaniangalia tu. Nikadhani anaichanganya na nyingine.

Niruhusu nimlete uzungumze naye. Ukimsikia kisha ukasema hapana, nitakaa kimya.

Mwanao,
Mwanapili


Kiponda
30 Aprili 1968

Mwanapili,

Mimi mzima. Usimlete.

Mwanakhamis kahamia Dar es Salaam kwa mwanawe tangu mwisho wa Machi. Mtu aliyekula njugu zangu miaka yote hii kaniaga kwa dakika kumi. Sinema nimeacha. Zote upuuzi, sioni sababu ya kujisumbua. Usiniulize tena habari za filamu, wala za huyo bwana.

Shangazi yako,
Kazija


Mkokotoni
20 Mei 1968

Kwa mpenzi shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na afya. Sikuulizi kwa desturi tu, nakuuliza kwa dhati.

Jana nilikuja mjini na walimu wenzangu, kwenda na kurudi. Sikukupitia, na naomba radhi. Nilikuwa na hasira nawe. Nikasema nitakwenda peke yangu onyesho la wanawake, kama ulivyonizoesha. Nikakuta wameirudisha filamu ya mke wa hakimu.

Shangazi, filamu ile haina rangi. Tangu mwanzo mpaka mwisho ni nyeusi na nyeupe. Sari ya harusi ni ya kijivu, na dhahabu hamna. Na mume hamrudishi nyumbani. Anafika stesheni amechelewa, mkewe amekufa kwenye benchi na barua mkononi. Ukumbi mzima ulilia. Mimi nililia kwa jambo jingine.

Niliporudi nilizitoa barua zako nikazipanga kitandani. Za mwaka juzi mistari imenyooka. Za mwaka huu inapandana, na hii ya Aprili maneno mengine yametoka nje ya karatasi. Mwalimu mzima, nasahihisha madaftari ya watoto kila siku, nisiione hati ya shangazi yangu!

Unaona, Shangazi? Niambie kweli. Tangu lini? Nani alikuwa anakuambia sari ni nyekundu?

Habari za Simai tuziweke kando. Sitaki posa, nataka jibu lako hili tu. Nitakuja tukae hospitalini mimi na wewe, hata kama ni kutwa nzima.

Mwanao,
Mwanapili


Mkokotoni
11 Juni 1968

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tatu sasa na hukunijibu. Kama umekasirika, andika matusi, nitayapokea. Niandikie chochote.

Mwanao,
Mwanapili


Kiponda
30 Juni 1968

Mwanangu Mwanapili,

Marahaba mara mbili. Magoti yale yale. Ukiona hati imenyooka usidhani nimepona: barua hii naisema mimi, anaiandika huyu mtu wako, na nimemwapisha asiruke neno, hasa matusi yanayomhusu yeye.

Kaja Alkhamisi. Kaja bila mshenga, bila mtu mzima wa kumtangulia, na viatu vinavyolia toka mwanzo wa kichochoro. Nimemwambia watu wa Tumbatu ninaowajua mimi wana adabu, sijui yeye kaokotwa wapi. Anasema hakuja kuposa, kaja kutazama kama mimi mzima, kwa sababu mwalimu wa Mkokotoni hali chakula. Nilitaka kumfukuza.

Lakini barua zako mbili zilikuwa chini ya mto, bahasha hazijafunguliwa. Za nyuma zote alinisomea Mwanakhamis. Alipoondoka, ningempa nani? Watu wa baraza la Kiponda wapate cha kuzungumza mpaka mfungo? Nikampa huyu. Nikasema nafsini mwangu, ataona haya, atakatakata maneno, nami nitapata sababu ya kumdharau mpaka kufa kwangu.

Kaisoma kama ilivyo. Alipofika penye sari hakushusha sauti. Alipofika penye benchi la stesheni hakukohoa. Alipofika ulipoandika "Unaona, Shangazi?" akaishusha karatasi. Nikamwambia, "Endelea, hukuulizwa wewe."

Sasa nakujibu. Sioni, Mwanapili. Mlango nauona kwa mwangaza wake, mtu namuona kivuli. Ni mwaka wa pili huu. Barua nilikuwa naandika kwa kupapasa, kidole kimoja kinashika mstari. Sikukwambia kwa sababu niliogopa. Niliogopa utaacha skuli uje unishike mkono, na niliogopa huruma za watu. Mimi nimeishi kwa kuwacheka watu, nitawezaje kukaa wanihurumie?

Na Mwanakhamis! Alkhamisi ile nilimtukana hapa peke yangu, nikamlilia, nikamtukana tena. Miaka miwili anakaa pembeni yangu na njugu zake, anafufua maiti wa Bombay mmoja mmoja, ili nisirudi nyumbani na huzuni. Akanipakia rangi mpaka pasipo na rangi. Nami nikawa nawatukana watengeneza filamu, maskini, kumbe wao waliua watu kama kawaida.

Jana nilimwambia huyu bwana, twende sinema. Onyesho la jioni, maana la wanawake hawamtaki, na mimi kwa umri wangu atakayenisengenya na anisengenye. Kakaa upande wangu wa kulia. Nakwambia hana utamu hata kidogo. Mwanakhamis alikuwa akisema, "Lo, kaingia, utamu wa macho, kavaa hivi na hivi." Huyu anasema, "Mlango umefunguka. Mtu mnene kaingia. Anatafuta kofia." Kofia! Watu wa mbele wakatunyamazisha mara tatu, nami nikawajibu kila mara.

Mwisho muziki ukaanza kulia, wanawake nao. Nikamuuliza, "Kapona?"

 Kasema, "Hapana, Bi Kazija. Amekufa."

Nilimchukia kwa muda wa kufunga kanga. Halafu nikatoa leso nikalia, nikalia mpaka taa zikawashwa, pamoja na watu wote, kwa jambo lile lile walilolililia wao. Sijapata raha kama ile tangu macho yaanze kunififia.

Filamu yenyewe upuuzi. Usiende.

Jumatano ananipeleka hospitali. Wewe usije, una watoto wa kusomesha. Nimemwambia daktari atakachosema, anifikishie kama kilivyo, asikitie sukari. Kama la kufanywa lipo litafanywa, na kama halipo, basi nitajua.

Mwambie Matar afungue mdomo. Posa iletwe kwa desturi, na mshenga mwenye viatu visivyolia. Huyu hapa anaandika huku anavuta kamasi, na nadhani analia, lakini kwa mara ya kwanza nimemuuliza kitu akakataa kusema.

Siku ya harusi usiniambie wewe umevaa nini. Wala majirani wasiniambie, waongo wote, watasema hapajaonekana bibi harusi kama wewe. Utakaa, nami nitakaa karibu yako, na nitamuuliza yeye. Akisema umependeza, nitajua umependeza.

Jina nimeliandika mwenyewe.

Shangazi yako,
Kazija