Bwana Yangu Anakata Majina ya Watu Katikati

Mama Joëlle mpendwa wa gazeti, naomba unisaidie, naandika na mutoto wetu Yannick ananyonya. Bwana yangu anatengeneza programu ya kusomesha ordinateur, ile kompyuta, liste ya watu waliokimbia vita, hapa kambini, site yetu ya Bunia, na liste ile haina koma, kila musitari iko na vyumba vya kuhesabu, chumba kimoja herufi moja, makumi mbili vya jina, kumi vya kijiji, jina ikiwa fupi vyumba vinabaki wazi, lakini programu yake inatumia chombo cha kukata kilichotengenezwa na wengine, nacho kinakata kila pahali kinakuta chumba wazi, basi jirani yangu Lotsove Dhena Adèle, aliyetoka Fataki na watoto wane, programu inasoma Lotsove ni jina, Dhena ni kijiji, na kijiji hicho hakiko, wakamutoa mu liste, na chakula kinagawanywa siku ya ine. Nikamwambia, papa Yannick, hesabu makumi mbili, usiangalie vyumba wazi. Akacheka: «Weye uliyeishia primaire ya ine, unanifundisha? Waliotengeneza hii chombo ni wajinga?» Namupenda, najua atakuwa mutu mukubwa. Ninyamaze, ao niende kwa mukubwa wa liste na nimupatishe haya?

Micheline, bibi ya Budza Lonu Blanchard

Mama Yannick,

Mutu mukubwa! Kwanza ajue kuhesabu mpaka makumi mbili. Yeye mwenyewe iko na majina matatu kama siye wote, halafu anatengeneza programu ya watu wa jina moja. Wenye chombo hawakukosa: walikitengeneza kwa liste yenye alama kati ya jina na kijiji, koma ao chumba wazi. Panga ni nzuri, lakini nani ananyolea mutoto panga?

Na weye usijifiche nyuma ya titi. Watoto wane watalala njaa juu unalinda sura ya bwana?

Leo, akiisha kula, panga punje za mahindi makumi mbili mbele yake. Aandike jina yake, herufi moja punje moja, chumba wazi pia punje moja, na asikate mpaka punje ziishe. Chombo asikitupe, akiongezee kazi hiyo tu: kubeba makumi mbili, wazi ao imejaa. Akikataa, siku ya tatu asubuhi shika Adèle mukono, muende kwa mukubwa wa liste. Usiombe ruhusa.

Juu ya kumupatisha haya, mama, usihangaike tena. Umeandika jina yake yote chini ya barua, na Bunia nzima imeisoma mu gazeti.