Vinyama Tisa vya Mlimani

Abaayo Hodan, dada yangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia. Nimechoka, na Garissa joto limekaza tangu Jumatatu.

Unaikumbuka kambi yetu mlimani? Wewe na utafiti wako wa chuo kikuu, mimi msaidizi niliyeishia darasa la saba, nikajifunza mwenyewe mizani na ile mashine ya kupima pumzi. Sisi tulivaa makoti mawili mawili, na vile vinyama vyako vyenye pua ndefu, gramu saba kila kimoja, vilikimbia tu kwenye umande ulioganda. Ulinieleza: mwili mdogo hupoteza joto upesi, kwa hiyo kwenye baridi unachoma chakula mfululizo, kama jiko lisilozimwa. Nilikuelewa kuliko ulivyodhani.

Siku ile ukasema vile tulivyovitega vikae bila chakula toka saa mbili asubuhi hadi saa nane, ndipo tupime pumzi. Saa tano nikavitia mizani. Kila kimoja kilikuwa kimepungua karibu gramu nzima. Nikakwambia, "Hodan, hawa hawafiki saa nane."

Ukacheka. "Abowe, kaka yangu, acha huruma zako za mbuzi. Ngamia wa baba anakaa wiki bila maji, hawa washindwe na asubuhi moja?"

Na mimi, mtoto wa mfugaji kama wewe, nikaona aibu kubishana na msomi. Saa nane tulikuta tisa vimekufa kati ya kumi na vinne. Ulilia. Nikachimba shimo.

Kisha ukaandika kwenye ripoti kwamba msaidizi alisahau kuvilisha.

Miaka mitatu nimenyamaza kwa sababu wewe ni damu yangu. Wiki jana walikuja watafiti wengine wakitafuta mtu wa kupanda nao mlima. Mama mmoja kati yao akafungua ripoti yako, akaniuliza, "Wewe ndiye uliyesahau?" Nikatazama viatu vyangu.

Watarudi Alhamisi kuamua kama watanichukua. Waandikie mstari mmoja tu kabla ya hapo, kwamba sikusahau. Samahani sihitaji, kazi naihitaji.

Hooyo, mama yetu, anakusalimu. Nimemwambia una shughuli nyingi, ndiyo maana hupigi. Lakini Alhamisi wakiniuliza tena na wewe bado kimya, nitasema, na jina lako nitalitaja. Tafadhali, abaayo, usinifikishe huko.

Ndimi kaka yako