Kopo la Nyirinyiri

Bulla Pesa, Isiolo
Agosti 1985

Kwa kaka yangu mkubwa, abowe Shuriye,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Moyale, wewe na shemeji Asho na watoto, na duka linaendelea vizuri. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la Baba, ambalo linauma wakati wa kazi tu. Akiitwa chai linapona. Mvua bado. Hooyo naye, kama mama yeyote, anauliza kama mgongo wako umepata nafuu.

Safari yangu ya Uswidi imekaribia. Pasi imetoka, chuo kimeleta tiketi, na Jumatatu ijayo nashuka Nairobi. Nitasomea mambo ya maziwa kwa muhula mmoja, kisha nirudi mwezi wa pili. Baba amewaambia wazee wa msikitini hajui Mzungu atamfundisha nini Msomali kuhusu maziwa, lakini wakimpongeza haondoki. Haya, mwache afurahi.

Tangu juzi Hooyo anakaanga nyirinyiri ya safari, maana ameambiwa huko watu wanakula samaki mbichi. Nyama ameikata ndogo ndogo, ameikausha, akaizamisha kwenye samli na iliki. Alipokuwa akifunga kopo alinisimulia hedho ya harusi yake: jinsi mama zake walivyojaza chombo nyirinyiri, wakakivisha nguo kama bibi arusi, wakakizungushia kamba za mafundo, na jinsi upande wa Baba ulivyohangaika mchana kutwa kutafuta ncha. Kuikata kamba ni aibu kwa bwana arusi. Hooyo alicheka mpaka akatoa machozi, halafu akasema yangu angeifunga mwezi huu. Nikatoka nje.

Najua ulinitetea, abowe. Wazee wa kwa Awale, rafiki yako wa lori, walipokuja kuniposa, Baba aliniita mbele ya Hooyo akaniuliza kama nimeridhika. Nikainamisha kichwa, sikusema neno. Kwetu msichana akinyamaza amekubali, na Baba akawajibu hivyo. Wakapatana tufungishwe nikaha kabla sijasafiri. Ndipo ikafika barua yako. Ulimwandikia Baba kwamba unanijua tangu natambaa, kwamba mdomo wangu ni redio isiyozimwa, na kwamba "Deqa akinyamaza, ujue ameonewa." Ukasema wananiozesha ili nisiende kusoma. Baba aliona haya sana. Hakuniuliza tena, alikwenda mwenyewe kwa wazee wale, akaomba radhi, akavunja posa.

Tangu siku hiyo nyumba imepoa. Baba ananinunulia vitu bila kuombwa, sweta, koti, soksi nzito. Mzee Robow, anayekuletea barua hii, anasema Awale akileta mzigo dukani kwako anashusha na kuondoa lori bila kunywa chai, nanyi mlikuwa mnakula sahani moja. Anasema pia wazee wa Awale wameanza kumtazamia msichana wa Garba Tula.

Abowe, naandika hili kwa haya, na ungekuwa mbele yangu nisingeweza. Sikuonewa. Nilinyamaza kwa sababu namtaka. Yeye ndiye aliyesema niende nisome, nikaha itangulie tu, ataningoja. Baba aliponiuliza, nilitaka kwa mara moja maishani kuwa msichana mwenye adabu kama wengine. Tazama sasa adabu yangu ilivyoniponza.

Barua yako ilipofika nilingoja Baba aniulize tena, na hakuuliza. Kumwendea baba yangu nikamwambie namtaka mwanamume, hilo lilinishinda. Nilikukasirikia wiki nzima, nisikufiche. Kisha nikajiuliza ni nani mwingine angegombana na Baba kwa ajili yangu, nikalia.

Kwa hiyo nimegawa nyirinyiri ya Hooyo. Nusu nasafiri nayo. Nusu iko kwenye kopo alilo nalo Mzee Robow. Nimelivika kitambaa cha shuka yangu, na mafundo nimefunga mwenyewe. Si lako. Usilifungue, wala shemeji asilifungue. Awale akileta mzigo, mkalishe, mpe chai, umwekee kopo mbele yake. Huna haja ya kumweleza, ni kijana wa kwetu.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na uniombee dua nifike salama na nirudi salama. Na Awale umwambie asikate kamba.

Mdogo wako akupendaye,
Deqa