Kiatu cha Mutua

Mpendwa mjukuu wangu Wanjiru,

Huku Mutuini tuko salama. Cucu, nyanya yako, anakusalimu sana, na ng'ombe amezaa ndume tena. Unauliza kwa nini sitaki kuisikia tena ile CD ya bendi yetu uliyonitumia. Nina hasira, mama, lakini si nawe.

Tulirekodi pale mjini, chumba kimoja, maikrofoni moja. Mpiga drams aliwekwa nje kwenye korido ili asitufunike, kwa hivyo Mutua wa gitaa akawa anatuongoza kwa kupiga kiatu sakafuni. Fundi wa mitambo akalalamika, "Huo mguu unasikika."

"Wacha usikike," Mutua akamwambia. "Bila huo, hawa watapotea."

Gitaa lake lilifunikwa na saksafoni yangu. Kilichobaki chake ni kile kiatu. Sasa hao walioigeuza santuri yetu ya zamani kuwa CD wanajisifu eti wameondoa kelele. Kelele! Nani aliwatuma?

Mutua alishatuacha, lakini mjane wake huko Woodley alikuwa akiweka santuri yetu kila Jumapili, mpaka ikavunjika. Nikampelekea CD yako. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani, kisha akaniuliza, "Na Mutua yuko wapi?"



Babu yako, Guka