Vyuma Juu ya Bati Langu

Mjukuu wangu,

Umepotea mpaka nimechoka kukutetea kwa majirani. Mimi mzima, kuku wanataga. Haya ananiandikia jirani.

Kreni ya ghorofa lenu mnalojenga hapa inapitisha vyuma juu ya bati langu kutwa. Nikamfuata msimamizi, nikamwambia waisimike upande wa pili, kwenye hoteli. Akacheka: "Bibi, hapo ilipo palichaguliwa na mjukuu wako, injinia mwenyewe. Alisema wenye hoteli watatusumbua, lakini bibi yake hana neno."

Sina neno, mume wangu?

Ukija, njoo saa za kazi. Nitakupikia ukipendacho, ule umekaa kitandani kwangu, vyuma vikipita juu yako. Usiinuke mpaka umeshiba.

Bibi yako aliyekulea