Alama ya Chaki Juu ya Pampu

Mpendwa mdogo wangu,

Kuna jambo nimekuficha kwa miaka thelathini na minne. Nusu yake nadhani unaijua, na kwa heshima yako hujawahi kunitamkia. Nusu ya pili haijui mtu yeyote, na ndiyo inayonifanya nishike kalamu.

Lakini kwanza nikujulie hali. Hujambo? Shemeji hajambo, na mgongo wake je? Mimi nipo, kwa namna ya kuwapo tu. Juzi daktari alimwambia binti yangu nyuma ya mlango, akidhani na masikio yangu yameshakufa, kwamba moyo umechoka na hakuna la kubadilisha. Nilitaka kumwambia asione haya. Hata mimi nimewaambia wenye magari hivyohivyo mara nyingi, tena wakinisikia.

Unaikumbuka kambi ya barabara, na lile gari la milimani ambalo vibarua waliliita Kikohozi. Magari mengine yote yalikuwa malori. Mimi nilikuwa na cheti cha ufundi wa magari, wewe ulikuwa na ile bisibisi ndefu uliyoisimika kwenye injini na kuitegea sikio, hata wakakuita Sikio. Mama alipokuja kututembelea alisema Mungu amempa wana wawili, mmoja mwenye cheti na mmoja mwenye mikono, na kwamba akiharibikiwa atamwita mwenye mikono. Tulicheka sote. Mimi nilicheka kidogo.

Unakumbuka pia sheria ya chaki. Kila sehemu tuliyoipima tuliitia alama nyeupe, na yenye alama haiguswi tena na mwingine. Sheria ile niliiweka mimi. Nilikufundisha kwamba kurudia kupima kilichotiwa chaki ni kumwita mwenzako mwongo.

Jumanne ile nililifanyia Kikohozi matengenezo peke yangu. Ili nilifikie chujio la dizeli niliufungua waya wa kile kikopo cha umeme kilichokaa juu ya pampu, kinachofungua njia ya dizeli mtu akiwasha swichi. Kabla sijamaliza, injinia aliniita: wageni wamefika kutoka makao makuu, na anataka kunitambulisha kwao kama mkuu mpya wa karakana. Niliurudisha waya, nikauvika kofia yake ya mpira, nati sikuikaza. Nikapiga alama saba za chaki mfululizo, kama mwalimu anayesahihisha daftari bila kulisoma, nikanawa mikono na kukimbia. Gari sikuliwasha. Niliwaambia vibarua walisukume hadi kivulini.

Asubuhi yake Mama, aliyekuwa bado mgeni wetu kambini, aliamka tumbo limekuwa gumu kama ubao. Malori yote yalikuwa yameshuka kuchukua saruji. Tulimlaza kiti cha nyuma cha Kikohozi, nawe ukazungusha ufunguo. Injini ilizunguka kwa nguvu na haikuwaka. Ulisema betri ni nzima, na kwamba kwa kuwa hakuna moshi hata kidogo, dizeli haifiki. Uliifungua kwenye chujio, ukaisukuma kwa mkono, ikatoka safi bila hewa. Uliyalegeza mabomba ya nozeli zinazoipuliza dizeli ndani ya injini, yakawa makavu. Ndani ya nusu saa ulikuwa umeshaubana ugonjwa mahali pamoja, pale penye pampu. Ukaiona alama. Ukanigeukia na kuniuliza, kwa upole kama unayeomba radhi, kama kikopo kile nilikipima kweli. Nami nikakujibu mbele ya vibarua kwamba chaki si unaiona, au umeota cheti usiku wa leo.

Walicheka. Wewe uliuondoa mkono wako kwenye pampu.

Kilichofuata sina haja ya kukusimulia. Tulilisukuma mteremkoni mara tatu, vibarua wakiimba, kisha wakiacha kuimba. Mama kutoka kiti cha nyuma alikuwa akikuambia usijitie haraka, baba, gari nalo lina siku zake. Saa saba lori la kwanza likarudi. Tukamtandikia godoro juu ya bodi, wewe ukapanda ukakishika kichwa chake, mimi nikasema nabaki kufunga karakana. Lori lilinasa kwenye tope kabla ya daraja, na hapo ndipo alipokufia mikononi.

Siku tatu baadaye fundi wa makao makuu aliinua ile kofia ya mpira, waya ukamfuata mkononi. Alisema mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo. Mjomba, aliyekuja kwa mazishi, alikuwapo, akasema kwa sauti kwamba fundi wa magari ya watu amewezwa na la kumbeba mama yake. Mimi nilikuwa nimesimama kando yako, mkono wangu begani mwako. Wewe uliitazama pampu, ukitafuta chaki. Haikuwapo, nilikuwa nimeifuta kwa mkono wa shati. Kisha ulinitazama mimi, ukainamisha macho. Mwisho wa mwezi uliniletea sanduku la vifaa, ukaniambia huna kazi nalo tena, ukaenda kupiga randa mbao za watu. Mkuu wa karakana nikabaki mimi, miaka ishirini na miwili.

Ile nusu unayoijua imeishia hapo. Labda kwa miaka yote umeniwazia kwamba kaka alikosea kama mtu yeyote anavyokosea, akaona aibu. Wanao huniita Baba Mkubwa kwa sababu umewafundisha kuniita hivyo. Wasalimie. Msalimie shemeji, mwambie dawa ya kuchua aliyoniletea imenifaa. Msalimie pia yule jirani yako seremala, kama yu hai. Naona nimezileta salamu mapema, kwa sababu nalikwepa lililobaki.

Lori lilipotoweka kwenye kona nilirudi kwa Kikohozi. Nilitaka kujua. Niliinua kofia ya mpira, nikauona waya umekaa tu juu ya skrubu, nikaikaza nati kwa vidole viwili. Nikazungusha ufunguo. Gari liliwaka mara moja.

Vumbi la lori lilikuwa bado halijatua barabarani. Lori lile lilitambaa, wewe ulilijua, na Kikohozi lilipita tope lolote. Ningewafikia ndani ya robo saa. Mama alikuwa hai. Nilikaa nyuma ya usukani injini ikinguruma, nikawafikiria vibarua, na injinia, na wale wageni ambao walikuwa hawajaondoka, wote wakiniuliza limewakaje, lilikuwa na nini.

Nikalizima, mdogo wangu. Nikailegeza ile nati, nikaufunika waya kama ulivyokuwa.

Kaka yako